Makubadhi Nje ya Mlango wa Dharjai

Lango la kwanza la ngome ya Dhargad lina misumari mirefu ya chuma iliyotokeza nje, iliyopigwa zamani ili tembo wa adui wasiusukume mlango kwa paji la uso. Siku hizi wauza maji ya limau huitundikia mifuko yao. Vatsala Jagtap alifika hapo asubuhi ya siku ya sherehe, jasho likimtiririka na kapu kichwani, akamkuta mumewe Vasant ameketi kwenye jiwe la upande wa kulia, pale alipozoea kupumzisha goti lake. Vasant alikuwa amefariki wakati wa mvua zilizopita.

"Mmechelewa," alisema.

"Basi lilitoboka gurudumu pale mtoni," alijibu Vatsala. "Shika kapu."

Vasant akalishika. Alikuwa amevaa shati lake jeupe la sherehe na makubadhi ya ngozi ambayo Vatsala alikwisha kumpa fundi baiskeli wa kijijini. Vatsala aliyatazama makubadhi hayo.

Dhargad jambo hili ni la kawaida. Mtu aliyeupanda mlima ule kila mwaka tangu alipokuwa mgongoni kwa mama yake haachi kupanda kwa sababu ndogo kama kufa. Sherehe ya Mama Dharjai, mungu wa kike mwenye hekalu lake kule juu, inapofika, marehemu wenye mazoea hayo huwangoja watu wao lango la kwanza. Hupanda nao, hula nao, na jioni huwasindikiza hadi lango lilelile, maana chini ya hapo hawashuki. Hawatoki jasho. Chakula wakishakila hubaki sahanini kama kilivyokuwa, ila chumvi yote inakuwa imekwisha. Wanawake wanaopika kule juu wamelizoea hilo, kwa hiyo huweka kibakuli cha chumvi pembeni ya kila mkeka na hawamtozi mtu.

Nyuma ya Vatsala alikuja mkwewe Rohini, amembeba mtoto mchanga kifuani. Rohini aliinama akagusa miguu ya baba mkwe wake kama heshima inavyotaka.

"Ndiye huyu?" aliuliza Vasant.

"Ndiye," alisema Vatsala. "Manjiri. Ana pua yako, maskini."

Vasant alimtazama mtoto kwa muda mrefu. Alifurahi, na furaha yake ilionekana waziwazi, maana alianza mara moja kumsimulia mtoto yule habari za babu wa babu yake aliyepiga ngoma katika mnara wa kaskazini wakati ngome ilipozingirwa. Vatsala alikuwa ameisikia hadithi hiyo kila mwaka wa ndoa yake. Mwaka huu aliisikiliza hadi mwisho.

Walipanda polepole. Kima walikuwa wamepanga foleni juu ya ukuta wakivizia nazi. Mzinga mmoja wa vita vya zamani ulilala majanini, watoto wameupanda kama punda. Vasant akasema kapu ni zito, limebeba nini, nyumba nzima?

"Sari ya kijani, nazi na mchele," alisema Vatsala. "Nina nadhiri."

"Nadhiri gani?"

Rohini ndiye aliyejibu, kwa sauti ya chini. "Wakati wa kujifungua nilitokwa damu nyingi, Baba. Daktari alisema watamwokoa mmoja, hajui yupi. Mama alisimama pale koridoni akamwahidi Mama Dharjai kwamba tukipona sote wawili, atakuja kumjaza pindo kwa mkono wake mwenyewe."

Vasant akasimama. Huku kwetu kumjaza mungu pindo, yaani kumwekea mapajani sari, nazi na mchele, ni kazi ya wanawake wenye waume hai. Mjane haigusi. Vatsala alikuwa mke miaka yote ile na mjane miezi michache tu, na siku ile akili ilipomruka, ulimi wake ulikwenda ulikozoea. Alikwisha kuahidi kabla hajakumbuka kwamba hakuwa na ruhusa ya kuahidi.

"Mjinga mimi," alisema Vatsala. "Lakini nimeshatamka. Na mtoto alipatikana kwa tamko hilohilo."

Rohini akamfunika mtoto vizuri zaidi, ingawa jua lilikuwa kali. Kila mtu mlimani anajua kwamba nadhiri isiyotimizwa humfuata aliyeombewa, wala haina haraka. Rohini hakuwa amelala vizuri tangu Manjiri azaliwe. Kila Manjiri alipopiga chafya, alimtazama mama mkwe wake.

"Wasiwasi wa nini?" alisema Vasant, uso ukimng'aa. "Mume si huyu hapa? Nitasimama nyuma yako. Eknath ananijua tangu tukiwa wadogo, tuliiba maembe pamoja."

Mbele ya hekalu kulikuwa na msururu wa wanawake, bangili zikilia. Aliyekuwa nyuma yao ni Shobha, jirani, ambaye mumewe alikwenda Mumbai zamani kutafuta kazi, akapata kazi na mke mwingine pamoja. Shobha alikuwa amevaa mkufu wa shanga nyeusi wa mke halali, na paji lake lilikuwa jekundu tayari kwa unga wanaopakwa wake wenye waume.

"Vasant, unapendeza," alisema Shobha. "Kufa kumekupunguza tumbo."

"Na wako hajambo?"

"Yuko hai," alisema Shobha. "Ndiyo faida yake pekee."

Kuhani Eknath alikuwa kizingitini na bakuli la unga mwekundu. Macho yake yalikuwa yameanza kufa kwa moshi wa taa, lakini alimtambua Vasant kwa mwendo. "Kaka Vasant! Karibuni, karibuni! Shemeji, sogea, lete pindo." Akaitazama sari ya kijani iliyochungulia kapuni, akachovya kidole, akakiinua kumpaka Vatsala kwenye paji la uso. Hapo ndipo alipoona shingo isiyo na mkufu na mikono isiyo na bangili za kijani za mke. Kidole kikabaki hewani. Unga uliochovywa haurudishwi bakulini, kwa hiyo Eknath akautafutia paji jingine la karibu, akampaka Vasant.

"Shemeji, nisamehe," alisema. "Macho haya."

"Hukukosea," alisema Vatsala. "Mume wangu huyu hapa."

"Namwona. Nimemsalimu. Lakini amefariki."

"Kama amefariki, mbona yeye unamkaribisha ndani?"

"Yeye ni mwanamume," alisema Eknath. Alilisema bila ubaya wowote, kama mtu anayemwelekeza mgeni mahali lilipo birika la maji.

"Eknath, ndugu yangu," Vasant akaanza, "mimi si nipo? Niguse."

Eknath akamgusa bega kwa upendo wa kweli. "Upo, na Mama anafurahi kwamba upo. Ila mjane ni mjane. Wewe ukija mara moja kwa mwaka, siku nyingine zote anakuwa nani? Mpe mkweo sari aiweke yeye. Ana mume, ana mtoto. Ni vilevile."

"Si vilevile," alisema Rohini. "Nadhiri si yangu."

Msururu ulianza kunung'unika. Jua lilikuwa linapanda, na waliofunga tangu alfajiri walitaka kumaliza wakale. Hakuna aliyemtukana Vatsala. Mama mmoja alimwambia, mpenzi, sote tutafika huko, sogea kidogo tupite. Shobha akapita, bangili zake zikilia, akajaza pindo kwa afya ya mume aliyeko Mumbai.

"Kaka, ingia," alisema Eknath. "Nafasi yako ipo, mbele, karibu na taa."

Vasant alimtazama mkewe. Kisha, kwa kuwa miguu ilikuwa imefanya hivyo maisha yake yote na mengine kidogo, akavua makubadhi, akampa Vatsala ayashike pamoja na kapu, akaingia.

Vatsala alisimama na kapu mkono mmoja na viatu mkono mwingine. Hasira ilimpanda, na kwa kuwa hakuwa na pa kuipeleka, aliipeleka kwenye makubadhi, akayabamiza moja kwa jingine hadi vumbi likatoka. Halafu alikwenda upande wa kushoto wa ua, ambako ukuta una kivuli chembamba, na ambako wanawake wasioingia huketi kulinda viatu vya wanaoingia. Walikuwa wengi. Wengine hai, wengine la. Kwenye nguzo ya tatu aliketi mama mkwe wake, Bhagirathi, aliyefariki Vatsala akiwa bado bibi harusi mpya na ambaye kila sherehe hutangulia kupanda na mumewe, na miguuni pake palikuwa na viatu vya kizee vya mbao.

Vatsala akainama, akagusa miguu yake. "Mama, umekaa hapa?"

"Nikae wapi tena?" alisema Bhagirathi. "Keti. Jiwe hili lina ubaridi."

"Na viatu hivyo ni vya nani?"

"Vya baba mkwe wako. Yumo ndani."

"Lakini sasa nyote mmekufa, Mama."

"Yeye alitangulia," alieleza Bhagirathi kwa utulivu. "Kwa hiyo mimi bado mjane."

Rohini aliketi kati yao, akamnyonyesha mtoto. Bhagirathi alimnusa kitukuu chake kichwani, akasema harufu ni ileile ya watoto wote wa nyumba hiyo, harufu ya maziwa na moshi. Walikula karanga. Bhagirathi alizila za kwake, zikabaki kiganjani bila chumvi, akampa kunguru. Kama si ile sari kapuni, Vatsala angesema ulikuwa wakati mzuri. Na kwa kweli ulikuwa wakati mzuri, hata sari ikiwepo.

Vasant alitoka akiwa na nusu ya nazi na sukari ya baraka kwenye jani, akitabasamu. Ndipo alipomwona mama yake.

Alimwona kwa mara ya kwanza. Si kwamba hakuwa amewahi kupita mbele yake. Kila mwaka tangu baba yake afariki alikuwa amempa mama huyo viatu akiingia na kuvichukua akitoka. Alisimama na jani lake mkononi, na tabasamu likamtoka polepole.

"Mama. Ni hapa ulipokuwa?"

"Hapa hapa."

"Miaka yote ile? Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unatoka umefurahi," alisema Bhagirathi. "Mtu akitoka kwa mungu amefurahi humwambii mambo ya viatu."

Vasant akaketi chini kwenye vumbi, mbele ya wanawake wale watatu. Aliigawa nazi vipande, kipande kikubwa akampa mama yake. Hakusema chochote kuhusu babu wa babu yake. Vatsala aliona kwamba angelia, lakini marehemu hawatoki jasho wala machozi. Akamwonea huruma, hasira ikapungua kwa kiasi cha kijiko.

"Usijikunje hivyo," alimwambia. "Fikiri. Wewe ndiye uliyekuwa unajua kila jiwe la ngome hii. Nimfanyie nini mtoto huyu?"

Vasant alifikiri. Kisha akasema, "Kwa kaka yake Mama Dharjai."

Chini kidogo ya hekalu, karibu na birika lililochongwa mwambani, liko kaburi la walii Pir Mastan, lenye kuba dogo la chokaa na bendera ya kijani. Watu wa Dhargad, wa dini hii na ile, wanajua kwamba walii huyo na Mama Dharjai ni kaka na dada. Wamekuwaje ndugu, hakuna anayeuliza. Kila sherehe, mchana, Mama hutolewa hekaluni kwa machela, huteremshwa hadi kwa kaka yake, na kaka humpa dada nguo kama kaka yeyote afanyavyo dada akija nyumbani kwao. Nguo hiyo huvalishwa hapohapo mbele ya watu wote. Mtunza kaburi, Mzee Dastagir, ndiye huitoa kwenye sinia kwa niaba ya walii.

Walimkuta Mzee Dastagir akifukuza mbuzi. Sinia lilikuwa tayari, limefunikwa kitambaa, juu yake kuna bangili na ubani. Vatsala alimweleza habari nzima, kuanzia koridoni hospitalini hadi kidole kilichobaki hewani.

"Una sari kweli, au unanipotezea muda?" alisema Mzee Dastagir. "Mimi nimenunua kipande cha pamba tu mwaka huu. Nilikuwa naona aibu kwa niaba ya walii."

"Ninayo. Lakini nilisema kwa mkono wangu mwenyewe."

"Basi weka kwa mkono wako mwenyewe. Nimekushika mkono?"

"Mzee, mimi ni mjane."

"Dada akija kwa kaka yake," alisema Mzee Dastagir, "kuna mtu humwuliza nani yuko hai na nani amekufa? Hapa mlango wenyewe hatuna. Mbuzi huyu hulijua hilo kuliko wewe."

Vatsala akanawa mikono birikani. Akaitoa sari, akaikunjua na kuikunja upya, kijani kibichi yenye pindo la rangi ya chungwa na tausi. Akaiweka kwenye sinia kwa mikono miwili, juu yake nazi, juu ya nazi mchele, punje nyingine zikimwagika. Midomo yake ilisogea. Rohini alimleta mtoto karibu, akamgusisha ukingo wa sinia kwa unyayo. Mtoto akapiga chafya. Rohini, kwa mara ya kwanza, hakumtazama mtu.

Ngoma zikasikika, machela ikateremka mabegani mwa vijana, wanawake wakiimba, Eknath akitangulia na taa. Wakaitua mbele ya kuba. Mzee Dastagir akalifunua sinia. Eknath alinyoosha mikono kuipokea nguo ya kaka, na mikono ikasita, kwa maana hata macho mabovu huijua sari yaliyoikataa asubuhi. Alimtazama Mzee Dastagir. Mzee Dastagir alikuwa akimtazama mbuzi. Zawadi ya kaka haikataliwi. Dada anayeikataa huondoka kwao kwa kilio, na sherehe huwa imeharibika. Eknath akaichukua sari, akamvalisha Mama Dharjai mabegani, akaupanga vizuri upande wa tausi uonekane. Wanawake wakapiga vigelegele. Shobha alisema kwa sauti kwamba mwaka huu walii amejitahidi.

Vatsala alilia kidogo, akajifuta na pindo lake mwenyewe. Alikuwa na furaha. Nadhiri ilikuwa imetimia, na ilitimia kwa mkono wake.

Baadaye walikula mkate wa mtama na mchuzi mzito wa unga wa dengu kwenye mkeka kando ya birika, Bhagirathi akiwa pamoja nao, maana kula nje hakatazwi mtu. Kibakuli cha chumvi kilizunguka. Eknath alipita, akamwekea mtoto sukari mdomoni kwa ncha ya kidole, akasema ni mtoto mzuri. Kuhusu sari hakusema kitu. Si mtu mbaya. Ukimwuliza atakwambia kwamba hata mama yake mzazi huketi nguzo ya kwanza.

Jioni Vasant aliwasindikiza hadi lango la misumari. Aliwapa kapu, akamwambia Rohini amfunike mtoto kichwa, basi lina upepo. Vatsala akamwambia mwaka ujao amngoje tena hapohapo, asiende kuzurura mnarani. Akasema sawa.

Mwaka uliofuata Manjiri alipanda mlima akiwa mgongoni, mnene, ana meno sita na anavuta nywele za watu. Vasant alikuwa kwenye jiwe lake. Mbele ya hekalu Eknath alimwambia Vatsala, kwa adabu kama desturi yake, asogee kando wenye waume wapite. Vatsala akasogea. Hakuwa na nadhiri mwaka huo, na nguzo ya tatu ilikuwa na ubaridi.

Vasant alivua makubadhi yake. Hakumpa mtu. Aliyaweka chini karibu na viatu vya mbao vya baba yake, akaketi kati ya mkewe na mama yake, akaomba karanga.

"Kaka Vasant!" aliita Eknath kutoka kizingitini. "Unangoja nini? Ingia!"

"Nashika viatu," alisema Vasant.

Watu wakacheka. Eknath alidhani hakusikia vizuri, akaita tena kwa upole, maana msururu ulikuwa mrefu na jua kali, na ndani, mbele kabisa karibu na taa, nafasi ya Vasant ilikuwa imeachwa wazi, na hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuikalia.